Miaka 50 baada ya kifo: haki ya mtunzi na maandishi ya Kiswahili chetu

Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka uleule kitabu alichokuwa amekiandika kabla ya uhuru, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?, kilitolewa Bruxelles. Kwa sheria ya Kongo, kitabu hicho ni huru tangu tarehe 1 Januari 2012: yeyote kati yetu anaweza kukichapa, kukitafsiri kwa Kiswahili na kukiuza mbele ya lango la chuo bila kuomba ruhusa, mradi jina la Lumumba libaki juu yake. Kwa sheria ya Ubelgiji, kitabu hichohicho kina wenyewe mpaka tarehe 31 Desemba 2031. Mfasiri wa Lubumbashi akipeleka tafsiri yake kuuzwa Bruxelles kabla ya siku hiyo, anaweza kushtakiwa kule kwa kazi ambayo nyumbani ni halali kabisa.

Tofauti hiyo ya miaka 20 inatokana na hesabu moja tu. Kongo inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ubelgiji, kama nchi zote za Umoja wa Ulaya, inahesabu miaka 70. Makala haya yanaeleza hesabu hizo zilitoka wapi, kwa nini zinarefuka kila mara, na zinafanya nini kwa lugha kama Kiswahili cha Kongo, ambayo watu wengi wanaisema na wachache sana wameiandika. Mwanafunzi wa lugha anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la wanasheria, au la wanamuziki wanaodai pesa zao Kinshasa. Lakini siku anapotaka kukusanya maandishi na kuyatoa, ndipo anapogonga ukuta.

Kwanza maneno. Katika Kiswahili sanifu husemwa hakimiliki. Neno hilo limeundwa kwa haki na miliki, na linamweka mbele mwenye mali, awe nani. Sisi Kongo, kwa kuwa sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, tunasema zaidi haki ya mtunzi au haki ya mwandishi, tukifuata droit d'auteur. Tofauti hii ina uzito. Ukisema haki ya mtunzi, ni rahisi kuamini kwamba miaka yote ile inahesabiwa kwa faida ya mtunzi. Ukisema hakimiliki, unauliza mara moja: mwenyewe leo ni nani? Mimi nitatumia yote mawili, kila moja mahali pake: haki ya mtunzi wakati mtunzi yu hai, hakimiliki kwa yale yanayoendelea bila yeye.

Sheria ya kwanza ya aina hii ilianza kutumika Uingereza mwaka 1710, wakati wa Malkia Anne. Ilimpa mtunzi miaka 14 tangu kitabu kitoke, na kama miaka hiyo ikiisha naye angali hai, 14 mingine. Marekani iliiga hesabu hiyo mwaka 1790. Baadaye ikaongeza: mwaka 1831 ikawa 28 na 14, mwaka 1909 ikawa 28 na 28. Tuangalie jinsi walivyohesabu. Muda ulianza siku kitabu kilipotoka, na mwaka huo kwa kawaida uko ndani ya kitabu chenyewe. Ukikiokota popote, unafungua ukurasa wa kwanza, unajumlisha, umepata jibu.

Hesabu ya kifo ilizoeshwa na Ufaransa. Sheria ya mwaka 1793, katika siku za mapinduzi, ilimpa mtunzi maisha yake yote, na warithi wake miaka 10. Mwaka 1866 hiyo 10 ikawa 50. Ubelgiji ikachukua 50 mwaka 1886, na mwaka huohuo Mkataba wa Berne ukatiwa sahihi ili kila nchi iheshimu watunzi wa nchi nyingine. Miaka 50 baada ya kifo iliingizwa katika mkataba huo Berlin mwaka 1908, lakini nchi bado zilikuwa na uhuru wa kupunguza. Ni mkutano wa Bruxelles wa mwaka 1948 ulioifanya kuwa lazima. Kongo ilijikuta ndani ya mambo haya kupitia Ubelgiji, na baada ya uhuru ikabaki katika mkataba. Sheria yetu ya sasa, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, inafuata kipimo hicho.

Tangu hapo hesabu imezidi kupanda. Ujerumani ilikwenda 70 mwaka 1965. Mwaka 1993 Umoja wa Ulaya ulitaka nchi zake zote ziwe na kipimo kimoja, na badala ya kuishusha Ujerumani ukazipandisha nyingine. Mwaka 1998 Marekani nayo ikaongeza miaka 20: ikawa 70 baada ya kifo kwa mtu, na 95 tangu kutolewa kwa kazi nyingi za makampuni. Meksiko iko kwenye 100. Huku Afrika, Moroko ilipanda mpaka 70 baada ya mkataba wake wa biashara na Marekani wa mwaka 2004. Mfano huo ni wa kukumbuka, kwa sababu unaonyesha njia ambayo jambo hili linaingilia: waandishi wa Moroko hawakuandamana wakidai miaka 20 zaidi, bali miaka hiyo ilikuja katika karatasi moja na mambo ya ushuru na bidhaa.

Sababu iliyotolewa Ulaya mwaka 1993 ilikuwa kwamba miaka 50 ilikusudiwa kumfaa mtunzi na vizazi viwili vya wazao wake, na kwamba siku hizi watu wanaishi zaidi, basi 50 haitoshi tena. Hoja hiyo ina tundu. Kama watu wanaishi zaidi, mtunzi naye anaishi zaidi, na hesabu yenyewe inaanza siku anapokufa. Muda ulikuwa umekwisha kurefuka wenyewe bila mtu kugusa sheria.

Hoja nyingine, ile inayosemwa zaidi, ni kwamba ulinzi mrefu unawapa watunzi moyo wa kuandika. Thomas Macaulay aliijibu katika bunge la Uingereza mwaka 1841, pale wenzake walipotaka kuweka miaka 60 baada ya kifo. Alimtaja Samuel Johnson, mtunga kamusi aliyefariki 1784, akauliza kama kujua kwamba mtu fulani angepata faida ya vitabu vyake miaka mingi baada ya yeye kuzikwa kungemfurahisha hata kidogo wakati alipokuwa na njaa. Mimi nachukua hesabu badala ya hotuba. Tuseme pesa inazaa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Dola 100 utakazolipwa baada ya miaka 50 zina thamani ya dola 8.72 leo. Zikilipwa baada ya miaka 70, ni dola 3.29. Sasa chukua mwandishi ambaye kitabu chake kinaingiza kiasi kilekile kila mwaka, naye ataishi miaka 30 zaidi. Akiwa na 50 baada ya kifo, anapata leo karibu asilimia 98 ya thamani ambayo angepata kama ulinzi usingeisha milele. Akiwa na 70, anapata kama asilimia 99. Hakuna mtu anayeacha riwaya yake mezani kwa sababu ya hiyo asilimia moja. Wakati kesi ya Eldred ilipofika mahakama kuu ya Marekani kupinga nyongeza ya 1998, wachumi 17, watano kati yao wakiwa wamepata tuzo ya Nobel, waliandika hoja ya namna hiyohiyo. Mwaka 2003 majaji 7 dhidi ya 2 waliiacha sheria ibaki.

Na hapo tumechukua kitabu kinachouzwa kila mwaka. Vitabu vya namna hiyo ni vichache mno. Tunajua hivyo kutokana na ile sheria ya zamani ya Marekani ya 28 na 28: mwenye haki aliyetaka miaka 28 ya pili ilimbidi aiombe. Ofisi yao ya hakimiliki ilichunguza maombi hayo mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa jumla, kazi zilizoombewa muda wa pili zilikuwa kama asilimia 15. Filamu zilifika 74, muziki 35. Vitabu vilikuwa 7. Yaani katika vitabu 100, wenye haki 93 waliona baada ya miaka 28 kwamba havina faida ya kutosha hata kulipia ombi dogo. Kwa hesabu ya kifo, vitabu hivyo 93 vinafungwa pamoja na vile 7, wakati mwingine kwa zaidi ya miaka 100, ili vile 7 vilindwe.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme fakulte yetu inataka kutoa kitabu cha maandishi kumi ya Kiswahili cha Kongo kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kunukuu mistari michache na kutaja mwandishi ni halali kila mahali, na mwalimu anaweza kufundishia. Lakini kuchapa maandishi mazima, au kuyaingiza katika kompyuta na kuwagawia wengine ili wachunguze sarufi, ni jambo lingine: linadai ruhusa, au linadai kuthibitisha kwamba muda umekwisha.

Andiko la kwanza ambalo mtu wa Lubumbashi angelichagua ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kutoka kwa watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi. Iliandikwa kwa taipureta katika Kiswahili cha mji kama kinavyosemwa, ikarudufiwa kama kijitabu. Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990 katika History from Below, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango na Walter Schicho. Tafsiri na maelezo hayo yana haki yake peke yake. Lakini maneno ya Yav ni ya Yav, na muda wake unahesabiwa kwa kifo chake. Na hakuna kijitabu kinachoweza kuandika siku ya kifo cha mwandishi aliye hai. Akiwa alifariki 1970, maneno yake ni huru tangu 2021. Akiwa alifariki 1995, ni mpaka mwisho wa 2045. Jibu haliko ndani ya kitabu, liko katika daftari la mtaa, katika parokia, kwa watoto na wajukuu ambao huenda wamehamia Kolwezi au Ndola. Mwanafunzi mwenye bajeti ya fotokopi atafanya upelelezi huo kwa kila andiko katika yale kumi?

Kuna kichekesho hapa. Mkataba wa Berne unasema kwamba kazi isiyo na jina la mtunzi inahesabiwa miaka 50 tangu ilipotolewa kwa watu. Kama Yav asingeweka jina lake, kijitabu cha 1965 kingekuwa huru tangu tarehe 1 Januari 2016, na sisi tungekichapa bila shida. Mwandishi wa kawaida wa mji, kwa kuwa alithubutu kusaini, ndiye ambaye kazi yake inatuogopesha kuigusa.

Kwa wataalamu wa lugha, tarehe za kifo zinajulikana, na hesabu inatoa matokeo ya ajabu. Charles Sacleux, mmisionari aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, alifariki 1943. Kwetu kamusi yake ni huru tangu 1994, nchini Ufaransa tangu 2014. Tunaweza kuichapa yote kesho asubuhi, pamoja na maneno ya lahaja za pwani ambayo leo yanajulikana na wazee tu. Lakini Edgar Polomé, aliyefundisha hapa Élisabethville miaka ya mwisho ya ukoloni na kutoa mwaka 1968 makala yenye jina "Lubumbashi Swahili", alifariki mwaka 2000. Makala hayo yenye kurasa chache, kati ya maelezo ya kwanza ya kitaalamu juu ya namna wazazi wetu walivyosema, yamefungwa Kongo mpaka mwisho wa 2050. Yatakuwa yamefikisha miaka 82. Polomé aliishi maisha marefu, na hilo ni jema. Lakini urefu wa maisha yake hauhusiani hata kidogo na faida ya makala ya jarida ambalo halilipi waandishi wake.

Shaaban Robert, ambaye kila mmoja wetu amemsoma, alifariki 1962. Tanzania, kwa sheria yake ya 1999, inahesabu 50 kama sisi, kwa hiyo kazi alizozitoa maishani mwake ni huru katika nchi zote mbili tangu 2013. Huko Ulaya hesabu inategemea tena mahali kitabu kilipotolewa kwanza. Kikiwa kilitolewa kwanza Tanganyika, nchi kama Uingereza inaweza kufuata muda mfupi wa nchi ya asili. Kikiwa kilitolewa kwanza London, kinangoja mpaka mwisho wa 2032. Vitabu viwili vya mtu mmoja, tenzi na hadithi zilizotungwa Tanga kwa kalamu ileile, vinaweza kuwa na miisho miwili kwa sababu ya anwani ya mpiga chapa. Na kwa kuwa waandishi wengi wa Kiafrika wa wakati ule walichapwa nje, jambo hili linatugusa sisi kuliko Wazungu. Ngando ya Paul Lomami Tshibamba ilitoka Bruxelles mwaka 1948; mwandishi alifariki 1985; Kongo itakuwa huru mwaka 2036, Ubelgiji mwaka 2056. Tintin, ambaye sanamu zake za mbao huchongwa na kuuzwa Kinshasa kila siku, ana miisho mitatu: vipande vyake vya kwanza, vya 1929, ni huru Marekani tangu 2025, lakini kwa kuwa Hergé alifariki 1983, kwetu tunangoja mwisho wa 2033 na Wabelgiji mwisho wa 2053.

Jambo lililo gumu zaidi ni maandishi yaliyotoka mdomoni. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Kivu, msimuliaji Shekarisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa, akiimba na kucheza, na maneno yake yakaandikwa. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, na majina juu ya jalada ni Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Kazi ya watunzi wawili inahesabiwa kwa kifo cha yule wa mwisho. Lakini hapa watunzi ni akina nani? Rureke alichagua maneno, alipanga matukio, aliongeza ya kwake kama kila msimuliaji. Katika darasa la fasihi simulizi tunasema bila kusita kwamba huo ndio utunzi. Sheria inamtambua kwa urahisi zaidi mtu aliyeshika kalamu. Tukihesabu kifo cha waandishi, tunamfuta msimuliaji. Tukihesabu cha msimuliaji, hatuna tarehe kwenye jalada. Hesabu ya 1710 isingekuwa na tatizo hilo: 1969 ni 1969, yeyote awe mtunzi.

Muziki unaonyesha jambo lingine, kwamba ndani ya kitu kimoja kuna miaka ya aina mbili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda akiimba kwa Kiswahili na gitaa, Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wimbo kama utungo unahesabiwa kwa kifo cha Mwenda, aliyefariki 1990: kwetu ni mpaka mwisho wa 2040. Rekodi yenyewe inahesabiwa tangu iliporekodiwa, na kipimo cha chini cha shirika la biashara la dunia ni miaka 50: iliisha 2002. Kwa hiyo, pale ambapo kipimo hicho ndicho kinachotumika, sauti ni huru na maneno yanayosikika ndani ya sauti hiyo si huru. Mwanafunzi anayetaka kutoa maneno ya nyimbo za Mwenda kama mfano wa Kiswahili cha Katanga cha miaka ya 50 aombe ruhusa kwa warithi.

Hapo kwa warithi ndipo pana pingamizi lenye nguvu, na silipuuzi. Watu wengi watasema: Mwafrika ndiye aliyeibiwa, na muda mrefu ndio unaompa nafasi ya kudai. Mfano wao ni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafariki maskini mwaka 1962. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia hata katika filamu ya Disney ya 1994. Mabinti zake waliishi Soweto bila kitu. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa kwa niaba ya mirathi yake, na mwaka 2006 pande zote zilipatana, familia ikaanza kulipwa. Kama Afrika Kusini ingekuwa na hesabu ya 14 na 14, kusingekuwa na kitu cha kudai mwaka 2004. Hilo ni kweli na lisemwe.

Lakini tuangalie ni nini hasa kilichowasaidia. Katika miaka 42 kati ya kifo cha Linda na kesi ile, ulinzi ulikuwa ukiendelea siku kwa siku, na uliwalinda wale walioshika karatasi ya shilingi 10. Kila mwaka ulioongezwa ungewatajirisha wao. Mlango uliofunguka ulikuwa kifungu kimoja cha sheria ya Kiingereza ya 1911 iliyotumika katika makoloni: mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake zinarudi kwa warithi, hata mkataba useme nini. Kwa Linda ilikuwa mwaka 1987. Bila kifungu hicho, miaka 50, 70 au 100 isingewapa mabinti zake hata senti. Anayetaka kumtetea mtunzi maskini adai kifungu cha kurudishiwa, tena kirudishe mapema, mtunzi akiwa bado hai. Kuongeza miaka mwishoni ni kumwongezea yule aliyenunua.

Kongo inaweza kufanya nini? Kushuka chini ya 50 haiwezi bila kutoka katika Mkataba wa Berne, na kutoka kungewaumiza watunzi wetu nje, hasa wanamuziki. Mkataba pia unakataza kumlazimisha mtunzi wa nchi nyingine kujiandikisha ndipo alindwe. Kwa hiyo ile hesabu nzuri ya 28 na 28 haiwezi kurudi hivihivi. Ndani ya ukuta huo bado kuna nafasi. Nchi inaweza kukataa kwenda 70, hata karatasi ya biashara ikija nayo. Inaweza kutunga kanuni ya kazi zisizopatikana wenyewe: mtu akishatafuta kwa nia njema na kutangaza, aruhusiwe kuchapa, na mrithi akijitokeza alipwe kiasi kilichowekwa. Kanuni hiyo moja ingemtoa Yav kifungoni. Na kuna nyongeza ya Mkataba wa Berne, ya Paris 1971, iliyofikiriwa kwa ajili ya nchi kama zetu: kwa mafundisho na utafiti, nchi inayoendelea inaweza kutoa leseni ya kutafsiri kitabu hata bila ruhusa ya mwenyewe, kwa malipo, na kwa lugha isiyotumika sana katika nchi tajiri muda wa kungoja ni mwaka mmoja tu badala ya mitatu. Kiswahili kinaingia hapo moja kwa moja. Masharti yake ni mengi na ya kuchosha, ndiyo maana nchi chache tu zimejaribu kuitumia, lakini mlango haujafungwa.

Hakuna haja ya kungoja Kinshasa kwa maandishi tunayoyatoa sisi wenyewe. Kazi zetu za kumaliza masomo zimejaa rekodi za soko, misemo, nyimbo za harusi, mazungumzo ya stendi ya teksi, vitu ambavyo havipatikani popote pengine. Mimi nina miaka 24. Nikiishi mpaka 74, kazi yangu, ambayo pengine watu wanne wataisoma, itafungwa kwa miaka 100 kamili, pamoja na maneno ya wauzaji wa samaki niliowarekodi. Sikuomba ulinzi huo, wala hakuna atakayenilipa kwa ajili yake. Lakini sheria inamruhusu mtunzi kutoa ruhusa wakati wowote akiwa hai, kwa maandishi. Inatosha kuongeza mistari miwili nyuma ya ukurasa wa jina, kabla ya kupeleka kwa mfunga vitabu, kwa mfano hivi: "Kazi hii imetolewa mwaka huu. Miaka 10 ikipita, yeyote aweza kuinakili, kuitafsiri na kuichapa bure, akitaja jina langu na majina ya waliosema." Maktaba nayo iandike katika orodha yake, mbele ya kila kazi, mwaka ambao ruhusa hiyo inaanza.